Chupa ya dutifri kwenye eskale: mambo ambayo msafiri wa Bunia anapaswa kujua mbele ya kulipa

Msafiri anayetoka Bunia kwenda Ulaya, Marekani, Dubai ao China hapati ndege moja ya kumfikisha. Kiwanja chetu cha Murongo kinatumikia zaidi safari za ndani ya inchi. Wengine wanapita Kinshasa na kupanda ndege kubwa N'djili. Wengine wanashika barabara ya Mahagi ao ya Aru, wanavuka Uganda na kupandia Entebbe. Toka hapo mtu anabadilisha ndege tena mara moja, mbili, hata tatu. Kubadilisha ndege njiani, wengi hapa wanaita eskale, na ni kwenye eskale ndipo watu wengi wanapoteza zawadi zao.

Mambo yanakwenda hivi. Mtu ananunua chupa ya wiski ao ya marashi katika duka la kiwanja cha ndege, lile lisilolipisha ushuru, ambalo wasafiri wanaita dutifri. Analipa dola zake, anapewa karatasi ya malipo, anajua kwamba kitu cha kumpelekea baba mkwe kimepatikana. Anashuka katika mji wa pili, anapita tena mbele ya mashine, na mlinzi wa usalama anatoa ile chupa na kuiweka pembeni. Pesa imepotea. Hakuna aliyemwibia: sheria iko hivyo, na iko hivyo tangu miaka mingi. Shida ni kwamba muuzaji hakumwambia kitu, na yeye hakuuliza.

Ndugu msikilizaji, kama hutakumbuka jambo lingine katika makala hii, kumbuka hili: chupa uliyonunua baada ya kupimwa ni salama mpaka utakapopimwa tena. Mengine yote yanatoka hapo.

Sheria ilitoka wapi

Zamani mtu aliweza kuingia ndani ya ndege na chupa yake ya maji, mafuta ya kujipaka na hata dumu la asali. Tarehe 10 Agosti 2006 polisi wa Uingereza walitangaza kwamba wamekamata watu waliokuwa wanapanga kulipua ndege za kutoka London kwenda Marekani na Kanada, kwa kutumia vilipukaji vya majimaji vilivyofichwa ndani ya chupa za vinywaji vya kawaida. Siku ileile vitu vya majimaji vikakatazwa mkononi kwenye safari hizo, karibu vyote.

Hatari hiyo haikuwa ya kuwaza tu. Tarehe 11 Desemba 1994 bomu lililotengenezwa kwa majimaji lililipuka ndani ya ndege ya Philippine Airlines iliyokuwa inakwenda Tokyo, na abiria mmoja akafariki. Mashine za kupima mizigo za wakati ule zilionyesha umbo la chupa, lakini hazikuweza kusema kilicho ndani ni maji ao ni kitu kingine.

Baada ya wiki chache kukatazwa kabisa kukalegezwa. Umoja wa Ulaya ulianza kutumia kanuni ya mililita 100 tarehe 6 Novemba 2006, na shirika la kimataifa la usafiri wa anga, OACI, likaomba inchi zote zifanye hivyo tangu Machi 2007. Ndiyo sababu leo unakuta kanuni ileile karibu kila mahali unapobadilisha ndege.

Mililita 100 maana yake nini

Kanuni inasema hivi: kila kitu cha majimaji unachobeba mkononi kiwe katika chombo kisichozidi mililita 100, na vyombo vyote viingie katika sashe moja ya plastiki inayoonyesha ndani, inayofungika, isiyozidi lita 1. Kila mtu na sashe yake moja.

Hapa watu wanakosea mara mbili. Kwanza, kinachohesabiwa ni ukubwa wa chombo, hapana kiasi kilichobakia ndani. Chupa ya mililita 200 iliyobaki nusu inakataliwa, hata ukionyesha kwamba ndani ni mililita 100 tu. Pili, neno majimaji hapa linachukua vitu vingi: mafuta ya kujipaka, marashi, shampuu, dawa ya meno, asali, mawese, karanga za kusaga, sombe iliyopikwa, jamu, mtindi. Kama kinamwagika, kinapakwa ao kinachotwa na kijiko, ukihesabu ni majimaji.

Maziwa na chakula cha mtoto mchanga, pamoja na dawa za mgonjwa, vinaweza kupita kwa kiasi cha kutosha safari hata kama vinazidi mililita 100. Vitoe pembeni, uvionyeshe mwenyewe mbele ya kuulizwa, na dawa iwe pamoja na karatasi ya daktari.

Katika miaka hii viwanja kadhaa vimenunua mashine mpya zinazoweza kutambua majimaji ndani ya mzigo, na tangu 2025 baadhi ya viwanja vya Ulaya vinaacha mtu apite na chupa mpaka lita 2. Lakini hapana vyote, na kiwanja kimoja chenye mashine mpya hakikusaidii kama kinachofuata kiko bado na ya zamani. Msafiri mwenye eskale ajipange kwa kanuni iliyo kali zaidi njiani mwake.

Kwa nini dutifri iko tofauti

Duka la kwanza la namna hii katika kiwanja cha ndege lilifunguliwa Shannon, inchini Ireland, mwaka wa 1947. Wazo lake ni rahisi: bidhaa inayotoka inchini hailipi kodi ya inchi ile, kwa sababu haitatumiwa mule. Ndiyo maana duka linakaa ng'ambo ya polisi wa mpaka, upande wa watu waliokwisha kupimwa na wanaongoja ndege.

Bidhaa za duka hilo zinaingizwa chini ya ulinzi. Kwa hiyo chupa ya lita 1 unayonunua pale unaweza kupanda nayo ndege bila shida. Lakini kiwanja cha pili hakikuona wapi uliipata. Kwake wewe ni mtu anayeshuka na chupa kubwa. Ni sawa na bariyeri za barabarani kwetu: kuachiliwa kwenye bariyeri ya kwanza si ruhusa ya kupita ya pili. Ili chupa ipite, inahitaji ushahidi wake yenyewe.

Mfuko wenye muhuri

Ushahidi huo ni mfuko maalum wa plastiki, unaoonyesha ndani, mara nyingi wenye mustari mwekundu pembeni. OACI ndiyo iliyoweka mfano wake. Ukishafungwa, hauwezi kufunguliwa bila kuacha alama: ukivuta, maandishi yanajitokeza ao plastiki inapasuka. Muuzaji anatia chupa ndani, anatia karatasi ya malipo mahali inaposomeka kutoka nje, kisha anafunga.

Mambo manne yanaupa mfuko huo nguvu yake:

Moja, ufungwe na muuzaji mwenyewe dukani. Mfuko wa kawaida wenye jina la duka, hata ukiwa mzuri namna gani, haufai.

Mbili, karatasi ya malipo iwe ndani na ionekane. Inaonyesha kiwanja gani na tarehe gani. Kwa eskale za Marekani, kununua kuwe ndani ya masaa 48.

Tatu, usifunguliwe mpaka mwisho wa safari yote. Mwisho ni mji unaotoka nje ya kiwanja moja kwa moja, hapana mji wa eskale. Kufungua ili uonje, ao ili upange vizuri ndani ya begi, kunaua muhuri. Na kunywa pombe yako mwenyewe ndani ya ndege kunakatazwa vilevile.

Ine, chupa iliyouzwa ndani ya ndege inahitaji mfuko huo pia. Ukinunua marashi kwa wahudumu wa ndege na uko bado na ndege nyingine mbele, waombe wayafunge.

Hata hivyo, mfuko si hakikisho. Mlinzi anayo haki ya kupima chupa tena kwa mashine yake, na mashine ikitoa alama mbaya, ao ikishindwa kusoma kwa sababu chupa ni ya udongo, ya chuma ao imepakwa rangi nzito, chupa inabakia. Chupa ya kioo inayoonyesha ndani iko na bahati zaidi.

Eskale kwa eskale

Ulaya. Watu waliosafiri zamani wanasema Ulaya wanatupa kila chupa inayotoka Afrika. Ilikuwa karibu kweli: mfuko wenye muhuri ulikubaliwa tu ukitoka Ulaya yenyewe na inchi chache zilizopatana nayo. Mambo yalibadilika tarehe 31 Januari 2014. Tangu siku hiyo viwanja vya Umoja wa Ulaya vinapokea mfuko wenye muhuri kutoka inchi yoyote, na vinaupima kwa mashine za majimaji. Anayetoka Kinshasa ao Entebbe na kubadilisha ndege Brussels atapimwa tena. Mfuko wake ukiwa mzima na karatasi ikiwa ndani, iko na njia ya kupita.

Marekani. Hapa kuna jambo linalosaidia sana wale wanaolijua. Mtu anayeingia Marekani anachukua valizi zake zote katika mji wa kwanza anaposhuka, anapita kwa duane, kisha anarudisha valizi kwa ndege inayofuata. Kati ya kuzichukua na kuzirudisha, unaweza kufungua valizi na kutia chupa ndani, katikati ya nguo. Ukifanya hivyo hautakuwa na swali lolote mbele ya mashine. Idara yao ya usalama wa safari, TSA, inakubali pia chupa mkononi kama ilinunuliwa inje ya Marekani, imefungwa katika mfuko wenye muhuri na haijapita masaa 48, lakini kuitia ndani ya valizi ni salama zaidi. Jua pia kwamba tangu katikati ya 2018 unga unaozidi mililita 350 mkononi unapimwa kwa namna ya pekee kwenye ndege za kwenda Marekani. Unga wa muhogo uende ndani ya valizi.

Addis Abeba, Nairobi, Kigali, Dubai, Istanbul. Katika viwanja hivi vikubwa mtu wa eskale anapita mbele ya mashine mara nyingi hata kama hatoki nje. Na kwa ndege za kwenda Marekani, inatokea mizigo ya mkononi ikapimwa mara nyingine kwenye mlango wa kupandia, baada ya maduka yote. Kwa hiyo usidhani kwamba kununua katika eskale ya mwisho kunamaliza shida. Muulize muuzaji: kati ya hapa na kiti changu, kuna mashine nyingine?

Njia zetu tatu

Kutoka Bunia kupitia Kinshasa. Ndege ya ndani inakufikisha N'djili, na pale unaanza safari nyingine. Usinunue kitu cha majimaji mjini na kukibeba mkononi: hakikutoka dukani lenye ulinzi, hakina muhuri, kitabakia kwenye mashine ya kwanza. Kiingie ndani ya valizi mbele haijaandikishwa.

Kutoka Bunia kupitia Entebbe. Unafika kwa gari, unaandikisha valizi, unapimwa, kisha unaona maduka. Ndege yako ikienda moja kwa moja mpaka mwisho wa safari, kwa mfano Entebbe mpaka Dubai, chupa ya dutifri haina matatizo ya eskale. Ikiwa kuna mji wa kati, omba mfuko wenye muhuri, ao ngoja ununue mbele zaidi.

Kurudi nyumbani. Hapa ndipo wafanyabiashara wetu wanaotoka Dubai na Guangzhou wanajikuta na marashi mengi mkononi. Kutoka Dubai mpaka Entebbe bila kushuka, hakuna shida. Ukipita Addis Abeba, muhuri unahitajika. Na anayeshuka Kinshasa ili apande ndege ya Bunia, mwisho wa safari ya kimataifa ni N'djili: anachukua valizi, anatoka, na anaanza upya kwa ndege ya ndani. Muhuri umemaliza kazi yake. Atie chupa ndani ya valizi mbele ya kuandikisha kwa ajili ya Bunia.

Valizi pia iko na sheria

Watu wengine wanasema: basi, nitatia yote ndani ya valizi. Ni wazo zuri, lakini pombe inahesabiwa kwa nguvu yake. Pombe isiyozidi asilimia 24, kama bia na divai, haina kikomo cha usalama, ni uzito wa valizi tu. Kati ya asilimia 24 na 70, kama wiski, kila msafiri anaruhusiwa lita 5, na iwe katika chupa yake ya dukani iliyofungwa. Ikizidi asilimia 70 haiingii ndegeni kabisa, hapana mkononi, hapana ndani ya valizi.

Neno chupa yake ya dukani lina maana kwetu. Pombe kali ya kienyeji iliyomiminwa ndani ya chupa ya maji haina maandishi ya nguvu yake, na mlinzi hawezi kujua ni asilimia ngapi. Inakataliwa hata kama iko ndani ya valizi.

Mawese na asali vinaruhusiwa ndani ya valizi, lakini dumu likipasuka linaharibu mizigo ya watu wengi, na mashirika mengine ya ndege yanakataa dumu la mafuta lisilofungwa vizuri. Funga kifuniko kwa skochi, tia dumu katika sashe mbili, kisha katikati ya nguo. Kwa wanaopelekea ndugu asali ya Ituri kule Ulaya, kikomo ni kilo 2 kwa mtu.

Duane ni jambo lingine

Mlinzi wa usalama anaangalia kama chupa ni hatari. Mtu wa duane anaangalia kama imelipiwa kodi. Kupita kwa wa kwanza si kupita kwa wa pili, na neno dutifri halimaanishi kwamba hautalipa popote: linamaanisha haukulipa kule ulikonunua.

Kuingia Umoja wa Ulaya kwa ndege, mtu wa miaka 17 na zaidi anapitisha bila kodi lita 1 ya pombe kali, ao lita 2 za pombe isiyozidi asilimia 22 kama divai ya kuchemka povu, na juu yake lita 4 za divai ya kawaida na lita 16 za bia. Marekani ni lita 1, na mwenye kuibeba awe na miaka 21. Sheria ya duane ya Afrika Mashariki, ambayo Uganda inaifuata, inasema lita 1 ya pombe kali ao lita 2 za divai, na marashi nusu lita kwa jumla. Kwa hiyo anayeshuka Entebbe na chupa sita za wiski ajitayarishe kueleza, hata kama anasema zote ni za harusi ya Bunia. Inchi nyingine, kama Kuwait na Saudi Arabia, zinakataza mtu kuingiza pombe. Huko, chupa inaweza kukuletea mambo makubwa kuliko kupoteza pesa.

Weka karatasi zote za malipo mpaka ufike nyumbani. Kwenye mpaka wetu, karatasi hiyo ndiyo inayosaidia kuzungumza bei ya kweli na watu wa duane.

Mbele ya kutoa pesa

Dukani, muuzaji anaomba tiketi yako ya kupandia. Anaona ndege ya kwanza tu. Ndege zinazofuata ni wewe unazijua, kwa hiyo mwambie: ninakwenda wapi mwisho, ninabadilisha ndege wapi na wapi. Kisha uliza maswali matatu. Mtanifungia katika mfuko wenye muhuri? Karatasi ya malipo itakuwa ndani? Kule ninakobadilishia ndege wanaukubali? Muuzaji akisita kwa moja ya hayo matatu, acha chupa kwenye kabati lake.

Kama umekwisha kununua na mlinzi anakataa, usigombane naye. Hana uwezo wa kubadilisha sheria, na ndege haikungoji. Uliza kwa upole kama bado unaweza kurudi kuandikisha begi dogo. Mara chache inawezekana. Isipowezekana, iache.

Kuna pia zawadi zisizo na shida hii hata kidogo: kitambaa, saa, chokoleti ngumu, sabuni ya kipande. Wazee waliotutangulia walirudi kutoka safarini na kitenge, na hakuna mashine iliyowahi kukikataa. Lakini kama mzee anangoja chupa, na familia imechanga pesa yake, basi inunuliwe mahali pa mwisho panapowezekana, ifungwe kwa muhuri, na isifunguliwe mpaka mbele yake.